Nyoka mwenye pembe wa Sahara anaishi wapi hasa? Ramani inaniambia kila mahali

Kobe Mkavu

Wakuu habari zenu. Nina swali linanisumbua tangu juzi, nimegugo mpaka bando limekata na jibu la kueleweka sijapata. Binamu yangu alikuwa kwenye mizunguko yake huko kaskazini mwa Afrika, Misri kidogo Tunisia kidogo, akaturushia picha mbili kwenye grupu la familia. Ya kwanza ni nyoka rangi ya mchanga, mnene kiasi, kichwa kipana, na juu ya kila jicho ana pembe moja imesimama kama mwiba wa mgunga. Ya pili ukiitazama haraka ni mchanga mtupu, mpaka ukodoe ndio unaona macho mawili, na pembeni kidogo ncha ya mkia nyeusi imechomoza. Huyu wa pili hana pembe hata moja. Chini ya zote mbili kaandika "nyoka wa Sahara" halafu kimya, ndio tabia yake.

Mtandaoni nikaambiwa huyo wa pembe anaitwa Cerastes cerastes, na ramani yake imepakwa rangi kuanzia Mauritania kule kwenye bahari mpaka Misri, yani Sahara nzima kama mtu aliyemwaga chai kwenye karatasi. Sasa mi nauliza, ni kweli yuko kila mahali humo ndani? Hao wawili wa kwenye picha ni nyoka mmoja au ni wawili tofauti? Na upande wa huku chini, tuseme Chalbi kaskazini mwa Kenya, kule nako si ni jangwa, yupo au hayupo? Anayejua anisaidie, nimebishana na shangazi mpaka nimechoka.

Mtemi wa Nyikani

Huyo mkuu yuko kila jangwa lenye mchanga, usihangaike. Namibia yupo, Arabuni yupo, mpaka Marekani kule California wanaye, nimeona video yake kwa macho yangu anakwenda upande upande kama kaa. Chalbi lazima awepo, jangwa ni jangwa. Na huyo asiye na pembe ni jike, madume ndio wenye pembe kama swala pala.

Magamba

Mtemi punguza spidi, umepakia nyoka wanne kwenye gari moja.

Wa California ulieona kwenye video ni Crotalus cerastes. Yule ni wa jamii ya nyoka wenye njuga mkiani, anaishi majangwa ya Mojave na Sonora, kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini magharibi mwa Mexico. Ana vipembe juu ya macho, anakwenda upande upande, na jina lake lina "cerastes" ndani, kwa hiyo kuchanganya si dhambi, watu wengi sana wanachanganya. Neno lenyewe linatokana na Kigiriki, keras, maana yake pembe, basi kila mwenye pembe akabandikwa. Lakini kati yake na huyu wa Sahara kuna bahari nzima ya Atlantiki na hawajakutana hata siku moja.

Wa Namibia nao ni wengine. Kule kwenye mchanga wa Namib, kuanzia kusini mwa Angola kushuka pwani ya Namibia, kuna Bitis peringueyi, mfupi mno, ukimkuta ana sentimita 25 huyo ni mtu mzima, na macho yake yamekaa juu kabisa ya kichwa kama ya kiboko. Hana pembe. Anakunywa ukungu, yani ukungu wa baharini ukitua mwilini mwake anajilamba matone. Mwenye pembe wa huko kusini ni Bitis caudalis. Hao wote wawili ni ukoo wa kifutu, bafe kama wengine wanavyomwita, si ukoo wa Cerastes.

Kwa nini wote wanafanana na wote wanatembea kiubavu? Kwa sababu tatizo lao ni moja. Mchanga mlaini unateleza na unachoma, nyoka akijiburuta kwa tumbo lote anahangaika bure, akijirusha kwa vipande viwili vitatu vya mwili anagusa mahali pachache na anapanda mteremko bila kuporomoka. Kila ukoo umefikia jibu lilelile kwa njia yake. Kwa hiyo mwendo haukwambii ni nani, na pembe nazo hazikwambii.

Na hilo la jike na dume futa kabisa mkuu. Majike wana pembe, madume wana pembe, na kuna wengine wa jinsia zote hawana, mahali palepale.

Kobe, nikirudi kwako. Cerastes cerastes orodha yake ni hii: Moroko, Sahara Magharibi, Mauritania, Mali, Niger, Chad, Algeria, Tunisia, Libya, Misri na Sudan. Upande wa mashariki anavuka mpaka Sinai na kuingia kidogo Israeli. Arabuni kwenyewe sehemu kubwa ni ya ndugu yake, Cerastes gasperettii, aliyepewa jina lake mwaka 1967, huyo utamkuta Saudia, Oman, Emirati, Kuwait, Iraki, hadi kona ya Iran. Wanafanana kiasi kwamba zamani waliwekwa pamoja. Halafu kuna kiraka kimoja cha ajabu, kusini magharibi mwa Arabuni, Yemen na jirani yake Saudia, kuna Cerastes cerastes tena, nususpishi yake iliyoelezwa 1999. Yani amekaa ng'ambo ya Bahari ya Shamu peke yake, na katikati kuna eneo kubwa la huyo ndugu yake. Hicho kiraka mi kinanifurahisha kuliko ramani nzima.

Kobe Mkavu

Aisee Magamba asante, umeniondolea shangazi shingoni. Ila hujajibu la ramani. Hiyo rangi iliyomwagwa, kweli humo mote yupo?

Dereva Mstaafu

Acha mi nimjibu hapo, japo sina usomi wa nyoka. Niliendesha lori kaskazini mwa Sudan miaka miwili, jangwani huko upande wa magharibi wa Nile, nitakwambia nilichokiona.

Unaweza ukatembea kutwa nzima kwenye kokoto nyeusi, tambarare kama sahani, hakuna jani hakuna jiwe la kujificha, na hutaona dalili ya nyoka wala ya chochote. Halafu unafika kwenye korongo la mto mkavu, kuna vichaka vitatu vinne, mchanga umejikusanya kwenye mashina, kuna matundu ya panya, hapo ndio nyayo zinaanza. Na nyayo zake huwezi kuzisahau. Si mstari uliopinda pinda kama wa nyoka wengine. Ni vistari vilivyonyooka, kila kimoja peke yake, vimelala mshazari vimepangana kama ngazi, na kila kimoja mwisho wake kina kikulabu.

Asubuhi moja tulilala karibu na korongo kama hilo, tunaamka tunakuta ngazi imepita katikati ya turubai na tairi ya nyuma. Mzee mmoja wa kule tuliyekuwa naye akasema msiguse kitu, tumfuate. Tukafuata kama hatua arobaini hivi mpaka kwenye kichaka, na hapo nyayo zikaisha. Zikaisha tu. Mi nikasema basi kaingia shimoni, nikapiga hatua mbele, mzee akanikamata mkanda kwa nyuma akanivuta. Akanionyesha kwa fimbo. Sikuona kitu. Akasogeza fimbo karibu zaidi, bado naona mchanga tu na vijiti viwili vikavu vimesimama. Basi hivyo vijiti ndio pembe. Alikuwa mbele ya kiatu changu, labda nusu mita, kafunikwa mwili mzima.

Mzee akamgusa kidogo na ncha ya fimbo. Akaibuka, akajikunja nusu duara nusu duara, akaanza kusugua ubavu kwa ubavu. Mlio wake ni kama mafuta ya moto yakimwagiwa maji. Mdomo umefungwa lakini mlio unatoka mwilini. Halafu akaondoka zake kiubavu kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mnyama mnene vile, akasogea hatua tano, akatulia, akaanza kutikisika mwili wote kama mtu mwenye homa, na kila akitikisika anazama. Nilihesabu moyoni sikufika hata ishirini, akawa hayupo tena. Toka siku hiyo sikuwahi kutembea pekupeku usiku na sikuwahi kuinua jiwe bila kulipiga teke kwanza.

Kwa hiyo Kobe, humo kwenye rangi yupo, lakini yuko kwenye mikunjo ya nchi. Sehemu tupu tupu hayupo.

Mtemi wa Nyikani

Duh. Nimesoma nimeinua miguu juu ya kiti. Nakubali nilikurupuka hapo mwanzo wakuu.

Magamba

Dereva hapo umemaliza kazi yangu nusu. Huko kuzama ni magamba ya ubavuni, yana mgongo kama tuta katikati na yamelala mshazari, kwa hiyo akitikisika yanasukuma mchanga nje na juu kama majembe madogo madogo mengi. Na yaleyale ndio yanayotoa huo mlio akiyasugua. Kifaa kimoja kazi mbili.

Sasa niongezee ya ramani. Wengi wetu tukisikia Sahara tunaona matuta ya mchanga mpaka upeo wa macho, kwa sababu ndio picha zinazouzwa. Sahara ina kama kilomita za mraba milioni 9 na kitu, na mchanga ni kama robo tu ya hiyo. Zilizobaki ni tambarare za kokoto, nyanda za mawe matupu, na milima kabisa, Ahaggar kule Algeria, Tibesti kule Chad. Anayechora ramani ya nyoka anaunganisha nukta za mahali alipopatikana kisha anapaka rangi katikati, ndio maana inaonekana chai imemwagika. Nyoka mwenyewe anachagua.

Cerastes cerastes hapendi kupita kiasi chochote. Anapenda mchanga uliochanganyika na mawe mawe, makorongo ya mito mikavu, mahali penye vichaka kidogo, wakati mwingine pembezoni mwa oasisi ambako panya ni wengi. Kwenye miinuko anapanda mpaka kama mita 1500. Lazima pawe na mahali pa kujifukia, lakini pia pawe na matundu na mawe, kwa sababu mayai anayataga chini ya mawe au kwenye mashimo ya panya yaliyoachwa, na mchana wa kiangazi uso wa mchanga unapita nyuzi 60, hapo mtu akibaki juu amekwisha. Kiangazi anatembea usiku. Siku za baridi anaweza kutoka mchana kuota jua. Chakula ni panya wa jangwani, mijusi na ndege, maji anayapata humohumo kwenye chakula.

Kwa matuta yale ya mchanga mlaini mtupu, bahari za mchanga zenyewe, kuna mwenye nyumba mwingine. Anaitwa Cerastes vipera. Mdogo zaidi, mara nyingi hafiki hata sentimita 40, wakati huyu wa pembe ni sentimita 30 hadi 60 na mkubwa kabisa hufika 85. Vipera hana pembe, macho yamepanda juu kidogo kuelekea utosini, chakula chake hasa ni mijusi. Jike ana ncha ya mkia nyeusi, anajifukia wote anaacha ile ncha nje, anaichezesha kama funza, mjusi anakuja kula funza ananaswa. Wote wawili, cerastes na vipera, walipewa majina na Linnaeus mwaka mmoja, 1758, na nchi zao zinaingiliana karibu zote. Ukitazama ramani utadhani wamegombania. Ukienda chini unakuta mmoja yuko kwenye tuta na mwingine yuko kwenye korongo kilomita chache pembeni.

Kobe, picha yako ya pili ndio maana nimeitilia shaka. Muulize binamu alizipiga wapi hasa. "Sahara" si anwani.

Bi Mkunde

Jamani mi napita tu lakini uzi umeninasa. Swali la kijinga, pembe ni za nini? Anapigana nazo?

Magamba

Si la kijinga dada, hata wanaosoma nyoka hawajakubaliana. Kila pembe ni gamba moja tu lililorefuka, haina mfupa ndani kama ya ng'ombe, na anaweza kuilaza akipita kwenye tundu. Kupigana hapigani nazo. Wapo wanaosema inakinga jicho mchanga usiingie akiwa amejifukia, wapo wanaosema inavunja umbo la jicho ili mawindo yasimtambue. Mi nikisoma alichoandika Dereva hapo juu, kwamba aliona vijiti viwili vikavu, naegemea upande wa pili. Na wale wasio na pembe wanaishi vizuri tu, kwa hiyo si kitu cha kufa na kupona.

Kuna kituko kimoja. Iliwahi kuandikwa zamani kwamba wachezeshaji nyoka wa Misri walikuwa wanachukua nyoka asiye na pembe wanamchomeka miiba ya nungunungu mdogo ili mgeni aone pembe atoe hela. Kwa hiyo ukiona pembe ndefu zimepinda ovyo, usiamini haraka.

Bi Mkunde

Kwa hiyo hata nyoka anawekewa kope za bandia 😂

Dereva Mstaafu

Na huyo nyoka Misri ni wa zamani sana kwao. Kwenye maandishi ya kale ya mafarao, yale ya picha picha, sauti ya "f" inachorwa nyoka mwenye pembe mbili. Ukienda kwenye kuta za mahekalu unamwona kila mstari. Tulipita sehemu kama hiyo, yule mzee wetu akanionyesha, akasema huyu ndiye aliyetaka kukuuma. Warabu wanamwita qarna, mwenye pembe.

Jongoo wa Bonde

Samahanini naingia na mguu mmoja. Kwa orodha yenu hapo juu nyoka wa pembe hayupo huku Kenya, lakini mi najua kwa hakika Naivasha kuna nyoka mfupi mnene ana vipembe juu ya macho, nimemwona akiwa kwenye majani karibu na mawe, na si mimi tu, watu wa kule wanamjua. Huyo mnamweka wapi?

Magamba

Jongoo umeona vizuri kabisa, na hapo ndipo ubishi wa Kobe na shangazi yake unaweza ukawa ulianzia. Huyo ni Bitis worthingtoni. Yuko Kenya tu, duniani kote hakuna kwingine, na yuko kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1500, sehemu za majani na mawe. Ni baridi kule! Yani ana pembe lakini jangwa hajawahi kuliona. Ni ukoo wa kifutu kama wale wa Namibia. Na ukienda milima ya Usambara, Tanzania, kuna wa kijani na njano wa kwenye miti, Atheris ceratophora, naye ana vipembe kama kope, anaishi msituni kwenye unyevu. Kwa hiyo tukisema "nyoka mwenye pembe" tumetaja kofia tu, aliyeivaa hatujamtaja.

Sasa Chalbi. Cerastes hayupo. Kutoka mwisho wa eneo lake Sudan mpaka Chalbi kuna ukanda mrefu wa nyasi na miti, kuna vinamasi vya Sudd, na upande wa mashariki kuna milima ya Ethiopia. Nyoka wa mchanga hawezi kuvuka vinamasi akatokea upande wa pili, na Chalbi ni kisiwa cha ukame peke yake. Ila kaskazini mwa Kenya kuna Echis pyramidum. Mdogo, rangi ya vumbi, ana madoa ubavuni, hana pembe. Na huyu naye anasugua magamba anatoa ule mlio wa mafuta ya moto, naye anaweza kwenda kiubavu. Mtu akisikia mlio gizani kule asiseme ni wa Sahara, ni huyu, na huyu kwa sumu ni mbaya zaidi, damu inakataa kuganda.

Mtemi wa Nyikani

Kwani yule wa Sahara sumu yake ikoje? Tusije tukamchukulia poa.

Magamba

Si wa kuchukulia poa hata kidogo. Uvimbe mkubwa, maumivu makali, kutokwa damu, nyama kuoza pale alipouma, na wapo waliopata shida ya figo. Watu wengi wanapona wakifika hospitali mapema. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ukakaza, kaa utulie mguu usitumike, twende hospitali. Basi, nisigeuze uzi kuwa zahanati.

Kobe Mkavu

Wakuu nimerudi. Binamu kajibu leo baada ya kumpigia mara sita. Misri hakupiga picha ya nyoka hata moja, zote mbili ni Tunisia, tena wiki moja. Ya kwanza, ya mwenye pembe, aliipiga upande wa vilima vya mawe karibu na Matmata, walikuwa wanashuka kwenye korongo kavu, mwongozaji akamwona kajikunja kwenye kivuli cha jiwe. Ya pili ni kusini ya Douz, ndani kabisa kwenye matuta, walienda na ngamia. Anasema mwongozaji hakuona nyoka kwanza, aliona kitu cheusi kinacheza mchangani kama mdudu, akasimamisha ngamia. Nikamuuliza ukubwa akasema "kama rula ya shule".

Nimeikuza picha ya pili mpaka imepasuka pasuka. Macho yametazama juu zaidi kuliko pembeni. Pembe hakuna.

Magamba

Haya sasa. Tuta mlaini, kusini ya Douz, rula ya shule, macho juu, mkia mweusi unachezeshwa. Huyo ni jike la Cerastes vipera, naweka saini. Na yule wa Matmata kwenye korongo la mawe ndiye Cerastes cerastes mwenyewe. Binamu yako kaonana na wote wawili ndani ya wiki moja na hajui alichopata, wapo watu wanatafuta hivyo miaka.

Jongoo wa Bonde

Ngoja nichokonoe kidogo, mkia mweusi si hata cerastes anaweza kuwa nao? Na ulishasema kuna cerastes wasio na pembe.

Magamba

Kweli kabisa, anaweza kuwa nao, na ndiyo maana mkia peke yake sikuutegemea. Ukitaka uhakika wa mwisho unahesabu magamba ya tumboni. Vipera anakuwa chini ya 130, cerastes anaanzia 130 kwenda juu. Lakini mwenzako kafukiwa mchangani mpaka puani, utamwambia ageuke? Hapo nimetumia macho, ukubwa, na zaidi ya yote mahali alipokuwa. Ungeniletea picha hiyohiyo ukaniambia imepigwa kwenye korongo la mawe ningesita.

Kobe Mkavu

Nimemtumia shangazi uzi wote. Kajibu kwa sauti ya dakika nne, sijaifungua bado. Dereva, na yule mzee wa fimbo, nyoka alimfanyaje mwisho wa siku?

Dereva Mstaafu

Alimwacha. Alichora duara kwenye mchanga kumzunguka kwa fimbo, pana kiasi, ili wengine wasikanyage, akasema tuhamishe turubai sisi. Tukahamisha. Jioni niliporudi kuangalia duara lilikuwepo, ndani hamna kitu, na ngazi ilikuwa inatoka upande wa pili inaelekea kwenye matundu ya panya.